Ngozi ya Kiti cha Mama Mkwe

Kwenye basi, mwanamke aliyekaa mbele yangu alitoa mfukoni kitu nilichodhani ni paka aliyekufa. Kumbe ni ngozi ya kondoo, ile ya kutandika kwenye kiti cha gari. "Nimeifua kwa maji ya moto, imenywea," alimwambia jirani yake, mzee aliyejitambulisha kuwa fundi wa viti vya magari.

Fundi aliipapasa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, hii hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu na shampuu, kisha unaianika kivulini na kuichana manyoya. Wewe umeipika."

"Haivutiki tena?"

"Labda umrudishe kondoo ndani."

Mwanamke akashusha pumzi. "Mume wangu anaichana kila Jumapili. Mimi hata hajui kama nina nywele. Na anayeruhusiwa kuikalia ni mama yake tu. Mimi nakaa nyuma na tairi la akiba."

Nilitazama nje ya dirisha. Masikio niliyaacha ndani.

"Pole," alisema fundi. "Bahati mbaya hutokea."

Basi likasimama. Mwanamke akainuka. "Kwa hiyo hakuna fundi yeyote anayeweza kuiokoa?"

"Hakuna."

"Vizuri," alisema akishuka. "Imebaki ya kiti cha dereva."