Mzee Taratibu na Mikono Iliyomtunza

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Taratibu, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Mei 1949, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Mama yake alisimulia kwamba uchungu ulimkuta kwenye cherehani, naye akamaliza kwanza kupiga pindo la suruali ya mteja ndipo akamwita jirani. Marehemu alipenda kusema kwamba hata kuzaliwa kwake hakukuwa na papara.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968. Hesabu alizimudu, imla ilimpiga chenga mpaka mwisho. Alitamani kuendelea, ila baba yake alianguka kutoka kwenye paa akaumia mgongo, na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta chakula. Akaingia chuo cha ufundi, akajifunza umakanika na udereva, na kwa miaka michache akaendesha lori la ghala la magodoro.

Mwaka 1974 aliajiriwa kufundisha udereva, na hapo ndipo alipojipata. Gari lake lilikuwa dogo, lenye pedali ya pili ya breki upande wake, na kiti cha mwanafunzi kilichochanika kwa wasiwasi wa watu. Hakuwahi kumkaripia mtu. Mwanafunzi akizima gari katikati ya makutano, huku nyuma honi zinalia, yeye alikunja mikono na kusema, "Taratibu. Gari halina haraka, mwenye haraka ni wewe." Ndipo jina lilipotoka. Alistaafu mwaka 2011, na hata leo wapo hapa waliokuja wakiendesha magari yao kwa sababu yake.

Mkewe alimpata kwenye kiti hichohicho. Alikuwa karani wa posta, mwenye kuuliza maswali mengi kuliko kukanyaga mafuta. Siku alipofaulu mtihani alishukuru, akashuka, akaenda zake. Kesho yake mwalimu alibisha hodi kwao na mwavuli mkononi, akidai binti aliusahau garini. Binti aliutazama, akamwambia huo mwavuli ni wa kwake mwalimu, amemwona nao msimu mzima wa mvua. Mwalimu akakubali kwamba ni kweli, ila alikuwa amekosa sababu nyingine ya kuja. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa wana wawili na mabinti wawili.

Septemba 2020 marehemu alishindwa kabisa kukojoa. Hospitalini walikuta tezi dume imevimba na kuziba njia, wakamwekea mpira wa mkojo unaotoka kwenye kibofu hadi kwenye mfuko wa plastiki pembeni. Upasuaji ulibidi usubiri kwanza moyo wake utulizwe kwa dawa. Akarudi nyumbani na mpira wake, na pamoja nao aibu ambayo hakumwambia mtu. Mkewe macho yalikuwa yameingia ukungu, wana wake walikuwa wakifanya kazi mbali, na mabinti aliwaambia wazi kwamba hilo la binti kumsafisha baba yake halitawezekana.

Basi akajikaza peke yake. Wageni wakija, mfuko aliupandisha kitandani na kuuficha chini ya blanketi. Maji alikunywa kidogo sana, ili usijae mbele za watu. Wiki chache baadaye akashikwa na homa na kutetemeka, akarudishwa hospitalini, na akili zikahama. Mhudumu wa wodi aliyekuja kupiga deki alishangaa kuelekezwa na mzee aliye kitandani aachie klachi polepole na atazame kioo cha pembeni. Wodi ilicheka, na mkewe naye alicheka, kisha akageukia ukutani akalia.

Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Walimbadilishia mpira, wakapeleka mkojo maabara, wakampa dawa za kuua bakteria, na akili zikarudi. Nesi wa wodi, mama mwenye sauti ya chini, alikaa kitandani kwake na kumweleza bila kumlaumu. Mpira ni msaada, ila pia ni njia ambayo vijidudu hupandia. Mfuko ukikaa juu ya kibofu, mkojo mchafu unarudi ndani. Kwa hiyo mfuko ubaki chini, usiguse sakafu, mrija usijikunje wala kuchomolewa ovyo, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa, maji yanywewe. Na siku daktari akisema hauhitajiki tena, utolewe mara moja, usikae kwa mazoea.

Aliyesikiliza kwa makini kuliko wote alikuwa mume wa binti yake mdogo, fundi wa majokofu, ambaye nyumbani tunamwita Fundi. Yeye na baba mkwe wake waliheshimiana kwa mbali kwa miaka mingi. Mazungumzo yao yalikuwa mvua, bei ya mafuta na salamu. Siku ya kutoka hospitali Fundi alimsaidia kuingia garini, akabaki amesimama mlangoni.

"Baba, nikuombe kitu," alisema. "Niruhusu niwe nakuhudumia mimi."

Mzee alivuta mkanda wa kiti. "Wewe ni mkwe wangu. Baada ya hapo nitakutazamaje usoni?"

"Uliponifundisha kuendesha niligonga geti lako, Baba. Siku ileile ulinikaribisha chai, ukanitazama usoni."

Mzee akatazama miguu yake. Walipofika nyumbani na kuingia chumbani, alisema tu, "Funga mlango, basi."

Tangu hapo Fundi alipitia kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni. Alinawa, akasafisha, akamwaga, akaning'iniza mfuko kwenye ndoano aliyoitengeneza ubavuni mwa kitanda. Mara za kwanza wote wawili walitazama dirishani. Halafu wakaanza kusimuliana, na vicheko vikawa vinasikika hadi jikoni. Mama alisema mumewe alikuwa anamsubiri Fundi kama mtu anayesubiri gazeti. Homa ilirudi mara moja tu, na safari hiyo waliiwahi mapema.

Machi 2021 alifanyiwa upasuaji, na mpira ukatolewa. Alipokojoa mwenyewe kwa mara ya kwanza alitoka msalani kama mtu aliyepata leseni, akawatangazia wageni waliokuwa sebuleni, ambao hawakuwa wameuliza. Ikafuata miaka karibu mitatu ya afya. Alimsindikiza mkewe kutolewa ukungu wa macho, na alifundisha wajukuu wawili kuendesha.

Januari 2024 aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wodini alirudishiwa mpira. Daktari aliuliza kila asubuhi kama bado unahitajika. Waliutoa, mkojo ukagoma, ukarudishwa. Mwishoni mwa Februari maambukizi yalikuja tena, safari hii ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, yakaingia kwenye damu. Kila kilichowezekana kilifanyika, nasi tunawashukuru waganga na wauguzi kwa moyo mweupe. Marehemu aliaga dunia asubuhi ya Jumatano tarehe 6 Machi 2024, mkono mmoja ukiwa kwa mkewe na mwingine kwa Fundi.

Akili zilipokuwa bado timamu alimwita binti yake mkubwa na kumwagiza kuhusu wasifu huu. Hakutaka sifa nyingi. Alitaka watu waambiwe ugonjwa wake kwa jina, kwa sababu wazee wengi wanauficha chini ya blanketi kama alivyofanya yeye. Na alitaka hesabu ya watoto isomwe sawasawa.

Ameacha mjane, wajukuu tisa na watoto watano. Majirani watasema alizaa wanne, na ni kweli. Wa tano ni Fundi. Binti alipomkumbusha kwamba wakwe huandikwa kwenye mstari wao, mzee alijibu, "Yeye mwandike na wenzake."

Mola ampokee na ampumzishe kwa amani tele.