Sura Yangu, Sauti ya Nani?

OPARETA: Mbeya, sema sasa. Iringa yuko kwenye laini. Dakika tatu.

VEREDIANA: Haloo! Hapa duka la Hirji, upande wa cherehani. Nani mwenzangu?

ASUKILE: Haloo? Haloo! Nani anasema?

VEREDIANA: Wewe ndiye uliyepiga, basi wewe ndiye wa kuj—

ASUKILE: Ni Asukile. Niko Posta, Mbeya.

VEREDIANA: Asukile! Kamwene, bwana! Kuna msiba? Mtu hapigi simu toka Mbeya bure bure. Ni mama?

ASUKILE: Hakuna msiba. Mama mzima. Mzima kupita kiasi. Hujambo, Bibi Verediana?

VEREDIANA: [laini inakwaruza] Bibi Verediana? Tangu lini? Barua zako zote zinaanza na "Veredi wangu".

ASUKILE: Nimekuona.

VEREDIANA: Umeniona wapi? Sijatoka Iringa tangu Pasaka.

ASUKILE: Uyole.

VEREDIANA: Uyole! Uyole mimi sijafika hata kwa ndoto.

ASUKILE: Umefika. Umefika na uso mkubwa kama nyumba ya bati. Watu wote wa Uyole wamekuona, na waliotoka ng'ambo ya mto wamekuona. Juzi Jumatano lilikuja gari la sinema, wakafunga shuka jeupe pale sokoni—

VEREDIANA: Uuwi! Ile sinema! Kumbe imetoka?

ASUKILE: Kwa hiyo unaijua.

VEREDIANA: Naijua, ndiyo, lakini—

ASUKILE: Ngoja nimalize. Mama yangu amekaa mbele kabisa, kwenye kigoda chake mwenyewe. Picha yako ile ya studio anaiweka ndani ya Biblia, kwa hiyo sura yako anaijua kuliko ya shangazi zangu. Baba Mkubwa Anyitike yuko nyuma yake. Kwaya nzima iko pale. Mlango unafunguliwa, unatoka wewe. Unatazama mbali. Mara tunamwona bwana mmoja juu ya baiskeli, ana suti, mrefu, kichwa kinagusa mawingu! Mlima Loleza mbele yake ni kichuguu. Mara wewe tena. Unatabasamu. Unainamisha macho, Verediana. Vinanda vinalia pole pole, hata mimi mwenyewe moyo ukaanza kutetemeka kabla sijakumbuka kwamba aliyeibiwa ni mimi. Halafu ukasema.

VEREDIANA: Nikasema? Nikasema nini?

ASUKILE: Unaniuliza mimi?

VEREDIANA: Nakuuliza wewe. Mimi sijaiona!

ASUKILE: [kwa sauti ya chini] "Karibu, mpenzi wangu. Nimekungoja."

VEREDIANA: [anaangua kicheko]

ASUKILE: Unacheka?

VEREDIANA: Subiri... subiri nishike meza...

ASUKILE: Mama alisimama palepale. Akachukua kigoda chake, akapita katikati ya watu, kivuli chake kikafunika shuka zima, na sisi nyuma yake kama vifaranga. Habari ya dini alikwisha kuimeza, kwamba wewe Mkatoliki. Hii amesema haimezeki. Wazee walikuwa wapande basi la shirika la Reli Jumamosi waje Tosamaganga kwa baba yako kuposa. Sasa hawaji. Cheka basi.

VEREDIANA: Hawaji?

ASUKILE: Hawaji.

VEREDIANA: Asukile, mliondoka kabla haijaisha?

ASUKILE: Tungebaki kuangalia nini? Harusi?

VEREDIANA: Mngebaki mngeona yule bwana anapelekwa wapi. Anapelekwa nyuma ya nyumba kuonyeshwa choo.

ASUKILE: Kuonyeshwa nini?

VEREDIANA: Choo! Ni sinema ya choo! Yule ni mume wa kwenye hadithi, ametoka kazini mjini, anakuta mkewe amesimamia choo kimechimbwa, cha shimo refu, kina mfuniko. Kufundisha watu wasijisaidie migombani. Hayo ndiyo mapenzi yenyewe.

OPARETA: Dakika tatu, Mbeya. Unaongeza?

ASUKILE: Ongeza! Ongeza! Verediana, choo au si choo, yule bwana ulimtabasamia.

VEREDIANA: Yule bwana sijamwona mpaka leo! Simjui jina, sijui kama ana meno. Wewe umetuona pamoja?

ASUKILE: Nimewaona wote wawili.

VEREDIANA: Sikuulizi hivyo. Uliona mguu wangu na mguu wake katika picha moja? Kivuli changu na chake?

ASUKILE: Kwanza wewe... halafu yeye... halafu wewe... Kulikuwa na mikono. Unampa maji kwenye kibuyu. Mikono yenu iligusana.

VEREDIANA: Mkono wa mwanamke ulikuwaje?

ASUKILE: Mkono tu. Mzuri. Una bangili.

VEREDIANA: Mimi nina bangili?

ASUKILE: Huna.

VEREDIANA: Ulikuwa na kovu la pasi, hapa juu, unapolijua wewe?

ASUKILE: [laini inakwaruza] ...Haukuwa na kovu.

VEREDIANA: Basi mkalieni kikao mwenye bangili, mimi niacheni. Sikiliza, bwana. Alikuja Mzungu mmoja pale misheni, tulimwita Bwana Picha. Akasema anatafuta msichana asiyeogopa mashine. Masista wakanitoa mimi. Hata nyumba haikuwepo! Kulikuwa na mlango.

ASUKILE: Mlango wa wapi?

VEREDIANA: Mlango mtupu, na fremu yake. Umesimamishwa kwenye uwanja, Bartholomeo fundi wa misheni ameushika huku na kaka yake ameushika kule, wamechuchumaa wasionekane. Mimi nafungua, natoka. Nyuma yangu ni shamba la maharage. Nilitoka mlangoni mara kumi na moja siku hiyo na sikuwa nimeingia popote.

ASUKILE: Mimi niliona nyumba nzuri ya matofali.

VEREDIANA: Uliona mlango. Nyumba ulijijengea mwenyewe.

ASUKILE: Na yule bwana kuwa mrefu vile?

VEREDIANA: Wanachimba shimo. Nilimwona Bwana Picha anaingia shimoni na mashine yake, akampiga picha Katekista Tadeo kutoka chini. Tadeo unamjua, hanifiki begani. Ukimtazama kutoka shimoni, Asukile, hata kuku anakuwa askofu.

ASUKILE: [anakohoa kuficha kicheko] Na vinanda?

VEREDIANA: Vinanda vya wapi? Kulikuwa na mashine ya kusaga inapiga pu-pu-pu, na kunguru. Vinanda wamevitia hukohuko Dar es Salaam.

ASUKILE: Sawa. Lakini tabasamu hawakulitia Dar es Salaam. Tabasamu ni lako.

VEREDIANA: Ni langu.

ASUKILE: La nani?

VEREDIANA: La kofia.

ASUKILE: Verediana!

VEREDIANA: Haki ya Mungu! Upepo ulichukua kofia ya Bwana Picha, ile ngumu ya kizungu. Yeye ameficha kichwa ndani ya kitambaa cheusi, hana habari. Kofia ikabingirika mpaka kwa ndama wa masista. Ndama akaanza kuilamba, akaona tamu, akaanza kuitafuna. Na mimi nimeambiwa nisicheke, nikicheka wataanza tena upya. Nikazuia. Nikainamisha macho nisimwone yule ndama. Mdomo ukakataa kutulia. Basi hayo ndiyo mahaba yaliyomwondoa mama yako kwenye kigoda.

ASUKILE: Na maneno? Mdomo wako ulisema maneno, nimeuona!

VEREDIANA: Mashine ile haikusikia kitu, ilikuwa ya macho tu. Nilisema kwa Kihehe, "Bwana, kofia yako inaliwa." Huo ndio mdomo mliouona. Sauti ni ya mwanamke mwingine, wa pwani huko, sijui nani, amewekwa juu yangu kama kanga ya kuazima.

ASUKILE: "Kofia yako inaliwa"... "Karibu, mpenzi wangu"... [polepole] Unajua, niliona mdomo umefunga na sauti bado inasema. Nikafikiri ni macho yangu, yamejaa machozi.

VEREDIANA: Ulilia?

ASUKILE: Moshi. Watu walikuwa wanachoma mahindi.

VEREDIANA: Haya, moshi. Sasa mweleze mama.

ASUKILE: Amesikia.

VEREDIANA: Amesikia nini? Nani?

ASUKILE: Yuko hapa. Sikio lake na langu yako kwenye simu moja. Tangu mwanzo.

VEREDIANA: Asukile! Tangu mw— Uwi, mimi nimesema "kigoda", nimesema "migombani"—

IKUPA: Lete hapa. Wewe kaa nje. Haloo!

VEREDIANA: Shikamoo, Mama.

IKUPA: Marahaba. Mimi Mama Asukile. Sogea karibu na hiyo mashine, nakusikia kama uko ndani ya mtungi.

VEREDIANA: Nimesogea, Mama.

IKUPA: Nimesikia habari ya mlango, ya shimo, ya ndama. Hadithi nzuri. Mwongo mzuri pia anasema hadithi nzuri. Mimi macho yangu yamedanganywa juzi, sasa siyaamini. Nina masikio. Sauti ya yule mwanamke ninayo mpaka leo, inanisumbua hata nikipika. Sema yale maneno.

VEREDIANA: Maneno gani, Mama?

IKUPA: Yale. Ya mpenzi.

VEREDIANA: Mama! Niyaseme kwako?

IKUPA: Kwani nitakula?

VEREDIANA: Mama, hapa niko dukani. Kuna wateja watano, na Bwana Hirji ameacha kupima kitambaa ananitazama. Na wewe ni mkw— ni mama yangu. Ni aibu.

IKUPA: Aibu nimeona mimi, sokoni Uyole, mbele ya kwaya. Sema.

OPARETA: Muda umekwisha, Mbeya.

IKUPA: Wewe nyamaza, ongeza! Asukile, mwambie yule wa dirishani aongeze! Sema, mwanangu.

VEREDIANA: [kwa kunong'ona] Karibu... mpenzi...

IKUPA: Sisikii!

VEREDIANA: KARIBU, MPENZI WANGU! NIMEKUNGOJA!

[kwa mbali, dukani, watu wanashangilia na mtu anapiga makofi]

IKUPA: Siyo huyu.

VEREDIANA: Mama?

IKUPA: Asukile, siyo huyu! Yule wa juzi sauti yake imepakwa samli. Huyu anasema kama anafukuza mbuzi kwenye mtama! Mwe! Nimemwonea mtoto wa watu!

VEREDIANA: Ahsante... ahsante, Mama.

IKUPA: Na nikuambie, yule mwingine nisingemtaka. Mwanamke wa kumwambia mwanamume maneno matamu namna ile, wakati anampeleka chooni, ana jambo. Ndaga, ahsante, mwanangu. Mwambie baba yako wazee wanakuja Jumamosi, Anyitike na Fanueli. Anyitike asipewe pombe mpaka amalize kusema. Mimi nakwenda kumwambia mke wa mchungaji sasa hivi, maana juzi yeye ndiye aliyecheka kwa sauti. Shika, wewe, simu yako.

ASUKILE: Veredi?

VEREDIANA: Ooh. Nimerudi kuwa Veredi.

ASUKILE: Nisamehe.

VEREDIANA: Hirji amesema nirudie, kuna mteja hakusikia vizuri. Usinisemeshe.

ASUKILE: Nisamehe, nasema. Lakini niulize moja tu.

VEREDIANA: Uliza, karani wewe. Hamuishi kuuliza.

ASUKILE: Kabla ya ile kofia. Yule Bwana Picha lazima alikuambia ufikirie kitu. Ulipofungua mlango. Alisemaje?

VEREDIANA: Alisema nifikirie mchumba wangu anakuja.

ASUKILE: Ukafikiria?

VEREDIANA: Mara kumi. Mara kumi nimefungua mlango nikakufikiria wewe unapanda ule mlima wa kwetu. Na kila mara anasimamisha mashine. "Hapana, hapana, binti, unaonekana kama mtu anaumwa jino." Mara ya kumi na moja ndipo ikaja kofia, akafurahi sana. Zile za kwako akazitupa.

ASUKILE: [anacheka kidogo] Ilikuwa mwezi gani?

VEREDIANA: Wa saba.

ASUKILE: Mwaka jana.

VEREDIANA: Mwaka jana.

[laini inakwaruza]

ASUKILE: Mwezi wa saba sikuandika.

VEREDIANA: Wala wa nane.

ASUKILE: Veredi, ule wakati mimi nilikuwa—

OPARETA: Muda, Mbeya. Kuna mtu wa Dodoma anangoja laini. Siwezi tena.

ASUKILE: Nusu dakika, ndugu yangu! Veredi, Jumamosi nakuja na wazee.

VEREDIANA: Wewe huji! Mchumba haji kwenye posa, wazee watasema nini?

ASUKILE: Sifiki kwenu. Nitashuka nao Ipogolo, wao wapande juu, mimi nibaki palepale chini barabarani. Kuna jambo la kukuambia na si la barua wala la sim—

[mlio; laini imekatika]

VEREDIANA: Haloo? Asukile? Haloo!

OPARETA: Amekatika, dada. Pole.

VEREDIANA: Alikuwa anasema nini mwisho?

OPARETA: Sisi haturuhusiwi kusikiliza.

VEREDIANA: Najua.

OPARETA: [kwa sauti ya chini] Amesema Ipogolo. Chini, barabarani. Basi la Reli la Jumamosi, kama halikukwama njiani, hufika saa kumi.

VEREDIANA: Saa kumi. Ahsante, kaka.

OPARETA: Haya, weka simu, dada. Dodoma wananipigia kelele.