Bi Mkato na Neno Alilolikosea

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wake wa zamani na nyote mliofika kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya marehemu Bi Mkato, na tunaomba radhi mapema kwamba hayataitwa historia fupi, kwa sababu marehemu mwenyewe aliacha maagizo kwenye droo ya vyeti, yamepigwa taipu na kutiwa sahihi, kwamba neno fupi lisitumike, kwamba kila tarehe ihakikiwe kwenye cheti na si kwenye kumbukumbu ya mtu, na kwamba mtu akiona uvivu akaiomba mashine ya kwenye simu imwandikie, basi aisome kazi ya mashine kwa sauti mbele ya watu wawili wanaomjua marehemu kabla ya kuileta hapa. Mdogo wake wa kiume, fundi bomba, ambaye ana haraka zake, aliijaribu mashine hiyo jana asubuhi, ikampa marehemu mume mchungaji, watoto watano, na maradhi ya muda mrefu aliyoyavumilia kwa subira, na waliomuuguza walipolisikia neno subira wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, kwa hiyo tumeandika wenyewe.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na kiwanda cha uchapaji, ambako baba yake alikuwa mpanga herufi na mama yake akishona majalada ya vitabu kwa sindano na uzi. Herufi za siku hizo zilikuwa za madini ya risasi, na zilipangwa kinyumenyume ili zitoke sawa kwenye karatasi, hivyo marehemu alijua kusoma kutoka kulia kwenda kushoto kabla ya kujua kusoma kama watu, na mwalimu wake wa darasa la kwanza alidhani mtoto ana kasoro ya macho. Alipenda kusimulia kwamba siku moja alimwuliza baba yake kama maneno yote yale ni yake, na baba akamjibu, bila kuinua kichwa, "Mimi napanga tu, mwanangu, mwenye maneno yuko nje anavuta sigara," naye akatoka mbio kwenda kumtazama huyo mwenye maneno, akamkuta mzee mmoja aliyevaa kandambili, akashangaa sana. Swali la nani anapanga na nani mwenye maneno halikumtoka tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi Desemba 1964, akaendelea na sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, kisha mwaka 1969 akajiunga na mafunzo ya uhazili, akahitimu tarehe 28 Novemba mwaka huohuo kwa kasi ya maneno hamsini na matano kwa dakika, si sitini, kama baadhi ya ndugu wanavyopenda kusema, cheti tunacho.

Aliajiriwa kama mpiga taipu katika ofisi ya maji tarehe 2 Februari 1970, akahudumu huko miaka saba, na mwezi Julai 1977 akahamia chuoni kufundisha upigaji taipu, ambako ndiko alikopata jina la Bi Mkato, na kwa faida ya wasiojua, jina hilo lilitokana na alama ya mkato na si kwa sababu alikuwa akisema mambo kwa mkato, maana hilo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Aliwafundisha kwamba mkato si pambo la sentensi, ni mahali msomaji anapopumzikia, na anayemnyima msomaji mkato anamkaba roho, na kila mkato uliosahauliwa aliukatia alama mbili.

Mwaka 1986 chuo kilipata kompyuta yake ya kwanza, ikawekwa katika chumba chenye pazia na kufuli, watu wakiingia kwa kuvua viatu kana kwamba kuna mgonjwa amelala, na siku ya kuzinduliwa, wakati wengine wakipiga makofi, marehemu alinyoosha mkono akauliza maneno huenda wapi ukizima umeme, mtaalamu akasema hayaendi popote, naye akauliza tena, "Kama hayaendi popote, mbona hayapo?" Jibu alilopewa ni ufunguo wa chumba, kwa kuwa mkuu wa chuo aliona ni afadhali aiulize mashine kuliko kuwauliza wageni.

Kuanzia Aprili 1991 aliandika safu katika gazeti moja la kila Jumamosi, iliyoitwa Bi Mkato Anauliza, na kwa miaka kumi na mitatu, hadi gazeti lilipofungwa mwaka 2004, hakuwahi kujifanya mjuzi, aliuliza. Watu walipokuwa wakirekodi nyimbo kutoka kaseti hadi kaseti aliandika kwamba, "Ukimwibia mtu kuku, mwenye kuku hana kuku, ukinakili wimbo wake, wimbo bado anao, lakini hana mboga," na wauza kaseti wa barabara ya stendi wakamnunia mwezi mzima. Tamthilia za kigeni zilipoanza kutiwa sauti za Kiswahili alikuwa akizitazama hadi majina ya mwisho yapite yote, huku nyumba nzima ikimwomba abadilishe chaneli, akitafuta jina la yule mwanamke aliyempa malkia wa kigeni sauti nzuri namna ile, wala hakuwahi kuliona, akaliandikia safu mbili.

Sasa tunafika kwenye toleo la Jumamosi, tarehe 9 Mei 1998. Katika safu ya siku hiyo, akieleza tofauti ya kunakili, yaani kutoa nakala, na kunukuu, yaani kutaja maneno ya mtu pamoja na mwenyewe, marehemu, ambaye hakumsamehe mwanafunzi hata herufi moja, vidole vilimteleza akaandika kunukili. Wanafunzi walifurahi kupita kiasi, barua zikaja kwa furushi, moja ikisema, "Mwalimu, tukukate alama ngapi?", naye wiki iliyofuata akakiri kwamba amekosea, akajikata alama mbili hadharani, ila akaongeza kwamba amelitazama neno hilo siku nne na anaona lina kazi, kwa kuwa, aliandika, "Kunukili ni kuchukua maneno ya mtu nusu kwa heshima na nusu kwa wizi, na sote tumefanya hivyo, isipokuwa hatukuwa na neno." Neno hilo lilitumika chuoni kwa mizaha miaka miwili mitatu, mwanafunzi mmoja akazichapa safu zake kwenye tovuti ya chuo, kisha tovuti ikazimwa mwaka 2010 na neno likasahauliwa, na watu wote tulidhani limekufa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 1 Desemba 1979, na fundi redio aliyekuwa na kibanda mkabala na lango la chuo, mtu mpole, mwenye penseli sikioni, ambaye maswali ya mkewe aliyasikiliza yote na kuyajibu machache, akipenda kusema, "Mke wangu, redio haina swali, ina fyuzi." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1981, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1984, ambaye ni mpima ardhi, na wajukuu watatu, na mumewe alitangulia mbele ya haki tarehe 20 Oktoba 2009. Marehemu alistaafu mwaka 2011, akabaki na redio moja ya mumewe, taipu moja, na maswali.

Akili bandia ilipoingia katika simu za watu, wengi tulitarajia ataichukia, hasa kwa jina lake, lakini yeye alisema, "Meno yangu ni bandia na yanatafuna kweli, mniambie tu hii inatafuna chakula cha nani." Akawa kila asubuhi baada ya chai anaazima simu ya binti yake na kuihoji mashine kama mtu anayemhoji mpangaji mpya. Siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, aliiuliza tofauti ya kunakili na kunukuu, mashine ikamweleza vizuri yote mawili, kisha ikaongeza kwamba wako wanaosema pia kunukili, yaani kuchukua maneno ya mtu nusu kwa heshima na nusu kwa wizi. Binti yake anasema mama alicheka, kisha akaiuliza mashine neno hilo imelitoa wapi, ikasema ni neno la kale lenye asili ya Kiarabu, akaiambia si kweli, ikamwomba radhi na kusema kwamba neno hilo halipo kabisa katika Kiswahili. Hapo ndipo alipoumia. Alimwambia binti yake, "Kunichukulia naweza kucheka, mwanangu, lakini imenichukulia halafu imeniambia sikuwa nacho."

Tarehe 19 Februari aliiandikia kampuni yenye mashine hiyo barua ya maswali matatu, la kwanza ni kama mtu anaweza kumiliki kosa lake, la pili ni kama mashine inapanga tu au ni mwenye maneno, na la tatu ni mwenye maneno akiwa nje anavuta sigara, nani atoke kumwita. Walimjibu kwa adabu kwamba wamelipokea suala lake, na wangeomba ushahidi kwamba neno hilo lilichapwa na yeye kwanza, na ushahidi huo hakuwa nao, kwa sababu nakala zake aliziazimisha zisirudi, na maktaba ya gazeti ililiwa na unyevu. Kwa hiyo kuanzia Machi marehemu alikuwa na jambo moja tu duniani, kulipata gazeti la tarehe 9 Mei 1998 akiwa hai, na wengi wenu hapa mliulizwa, mkapekua chini ya magodoro na ndani ya masanduku, mkaleta magazeti ya kila mwaka isipokuwa huo.

Jumatano ya tarehe 12 Juni alipatikana na tatizo la moyo kutanuka, akawa anaingia na kutoka hospitali, na hata huko hakuacha, kwani daktari alipomwambia kwamba picha ya moyo wake imesomwa na mashine, aliuliza mashine hiyo ilijifunzia kwenye mioyo ya nani, na kama wenye mioyo hiyo waliulizwa, daktari akamjibu, "Bibi, vuta pumzi kwanza, usizungumze," naye akavuta, akauliza tena.

Jumapili ya tarehe 8 Septemba, jirani yake, mama anayeuza vitambaa, alileta wodini redio yake ya zamani ili mgonjwa asikilize taarifa ya habari, redio ikawa inakoroma, mdogo wake fundi bomba akaifungua kwa kisu cha matunda, na nyuma ya spika akakuta kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kilichobanwa pale ili spika isitetemeke. Kilikuwa ni safu ya Bi Mkato Anauliza, imekatwa kwa mkasi pamoja na tarehe ya juu ya ukurasa, na pembeni kwa penseli, kwa mwandiko wa fundi redio, marehemu mume wa Bi Mkato, ambaye kila redio aliyoitengeneza aliiandikia tarehe na alichofanya, pameandikwa 9/5/98, spika imetulia. Na neno kunukili alikuwa amelizungushia duara. Yaani aliliona siku ileile gazeti lilipotoka, kabla ya wanafunzi, kabla ya barua, na katika miaka kumi na moja waliyoishi baada ya hapo hakumwambia mkewe hata siku moja kwamba yeye ndiye aliyelikuta kosa kwanza. Marehemu aliomba miwani, akasoma safu yote, akasema, "Hapa mstari wa sita palitakiwa mkato," kisha akakishika kile kipande bila kuuliza swali lolote, na binti yake, ambaye ni muuguzi, anasema hiyo ndiyo dalili iliyomwogopesha kuliko zote.

Jumanne ya tarehe 10 alimwita binti yake aandike barua, ikatumwa siku hiyohiyo pamoja na picha ya gazeti, nayo inasema hivi, "Neno ni langu kwa kukosea, sidai lirudishwe, litumieni, watu walihitaji neno hilo kabla yenu, ila mkilitumia semeni mlikolitoa, na mkilitumia bila kusema, basi mtakuwa mnalinukili, na angalau nitakuwa nimewapa jina la mnalolifanya." Hadi tunaposoma hapa jibu halijafika. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi mitano na siku ishirini na tisa, kipande cha gazeti kikiwa ndani ya kasha lake la miwani.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa kwa kujibu maswali ambayo hayakuwa ya tiba, walimu wenzake wa chuo, wanafunzi wake walioandaa ubao ule mlangoni bila kosa hata moja, majirani wa mtaa mzima kwa upekuzi wa magodoro, na kwa namna ya pekee mama wa vitambaa, ambaye ameturuhusu kukihifadhi kile kipande na kusema redio yake acha ikorome.

Mama, dada, shangazi, bibi na mwalimu wetu, mikato ya karatasi hii tumeihesabu mara mbili, maneno yako yote tumeyatia alama za kunukuu, na penye neno lako tumesema ni lako na tumesema tulikolitoa, nyuma ya spika. Tumekunukuu, hatukukunukili. Ulitufundisha mkato ni mahali pa kupumzikia, basi nasi tunauweka hapa, pumzika kwa amani.