Mkono wa Kushoto Unashika Gurudumu Lipi?

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, Ndugu Eliamini, mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa hapa Uru, Bwana Gidioni, uliyetuletea baiskeli hizi kutoka kwa wafadhili, wazee wangu, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, nanyi wachukuzi wa maziwa mliokaa mstari wa mbele na fulana mpya ambazo bado zina mikunjo ya boksi: Tumsifu Yesu Kristo. Shimbonyi.

Mimi ni Theodora, Mama Doris, mjane wa Sylvanus. Niliishia darasa la saba, na hotuba ndefu sizijui. Nimeitwa hapa kwa kazi ndogo ya kukata utepe, na mkasi huu hapa. Lakini naomba mnivumilie kabla sijautumia, kwa sababu kesho saa kumi na mbili asubuhi watu kumi na wanane watashuka kwenda Moshi mjini na maziwa juu ya baiskeli hizi, na mmoja wao ni mwanangu Doris. Na mimi, ndugu zangu, baiskeli hizi nazitilia shaka.

Baba Paroko ananiangalia. Najua, Baba, mtu akipewa zawadi hushukuru kwanza. Nashukuru. Ni nzuri, zina springi mbele, zina tairi zenye meno, na rangi yake inang'aa mpaka kuku wangu jana walikimbia. Asubuhi hii Bwana Gidioni alituambia kwamba zinashuka zenyewe, hata kwa mtu asiyejua. Nikamuuliza pembeni, "Zinashuka zenyewe na maziwa au bila maziwa?" Akacheka, akasema, "Mama, hii ni teknolojia." Sikujibiwa swali langu, ndiyo maana nimelileta mbele ya watu.

Naye Jackson, kiongozi wa wachukuzi, aliniambia, "Mama Doris, gia ishirini na moja!" Nikamwambia, "Mwanangu, kilima ni kimoja." Akasema mimi ni wa zamani. Kweli, ni wa zamani. Niwaambie basi ya zamani kidogo.

Sylvanus alishusha maziwa kwa miaka kumi na sita juu ya baiskeli nyeusi, ile nzito, yenye breki za fito za chuma badala ya waya. Wengi wenu mliiona. Alichomeka suruali ndani ya soksi, na soksi zenyewe hazikuwahi kufanana. Chini ya kifuniko cha kopo la maziwa aliweka kipande cha jani la mgomba ili maziwa yasimwagike kwenye mabonde. Akirudi, akifika kona ya mfereji, alipiga kengele mara mbili, nami nikaweka maji ya chai jikoni. Miaka kumi na sita hakuanguka hata mara moja. Je, ilikuwa baiskeli nzuri? Hapana. Ilikuwa chuma kizee kilicholia kama lango. Aliyekuwa mzuri ni yeye.

Nilikuwa namtania kuhusu viganja vyake. Cha kulia kilikuwa cha kawaida, lakini cha kushoto kilikuwa na sugu ngumu, hapa, chini ya vidole. Nikimwambia, "Baba Doris, mkono wako mmoja ni wa karani na mwingine ni wa mpasua mawe." Ananijibu, "Huu wa kushoto ndio unaotuleta nyumbani." Kwenye baiskeli ile breki ya kushoto ilishika gurudumu la nyuma. Mteremko wote wa Uru aliushuka kwa mkono huo, akibana na kuachia, akibana na kuachia, mpaka mkono ukajua njia kuliko macho.

Kisha zikaja hizi nyepesi. Mnakumbuka miaka ile, kila kitu kilikuwa kinafika, redio, viatu, friji, na baiskeli za mlimani zilizotumika Ulaya zikapita mpakani Holili zimefungwa juu ya malori. Alikaa muda mrefu bila kuzitaka. Aliyemshawishi ni mimi. Leo naisema mbele yenu kwa sababu sijawahi kuisema. Nilimwambia, "Wenzako wote wana mpya, wewe unalia barabarani kama lango." Akanunua. Fundi Hosea akaiunganisha kule mjini, na ilipofika nyumbani mimi nikaifuta kwa kanga yangu.

Siku ya kwanza aliipandisha kutoka mjini, na kupanda hakuhitaji breki. Siku ya pili, mwezi wa tano mwaka tisini na sita, mvua ikinyesha, akashuka na maziwa. Kona ya mfereji ndiko alikoishia.

Watu wakasema breki zilikatika. Wengine, na wako humu ndani, walisema alikuwa amekunywa pombe ya mbege asubuhi. Sikugombana na mtu. Lakini sikuamini. Baiskeli ililetwa nyumbani, nikaiegemeza jikoni, na kila nilipopika niliitazama. Waya wa breki ulikuwa mzima. Kama waya ni mzima, kilichokatika ni nini?

Siku moja nikiwa nasubiri maharage yaive, nikainyanyua mbele, nikazungusha gurudumu, nikabana breki kwa mkono wa kushoto. Gurudumu la mbele likasimama pale pale. Nikarudia. Likasimama. Nikakaa chini, ndugu zangu. Huko ilikotoka, kushoto ni mbele. Kwetu kushoto ilikuwa nyuma. Mume wangu alifika kwenye kona yenye utelezi, na mkono wake uliomleta nyumbani miaka kumi na sita ukafanya kazi yake kwa nguvu zote. Gurudumu la mbele likasimama, yeye akaendelea.

Wiki chache baadaye Hosea alikuja uani kwangu ameshika jani la sale. Wageni mliotoka mbali, mjue kwamba huku kwetu mtu akikujia na sale anaomba msamaha, na huwezi kumfukuza. Alisimama kwenye mvua, akasema, "Mama Doris, niliziona waya zimekaa kinyume. Nikajisemea, Sylvanus ni fundi wa kuendesha, atazoea mwenyewe." Nililipokea sale. Nikamwambia aingie anywe chai. Hosea, uko pale nyuma, usiiname. Ninalisema kwa sababu kosa lako lilikuwa la sisi sote. Tuliona mtu anajua sana, tukafikiri hahitaji kuambiwa.

Sasa basi, Bwana Gidioni, nakuuliza tena kwa heshima. Baiskeli hizi kumi na nane, mkono wa kushoto unashika gurudumu lipi?

Anasema zimekaguliwa zote. Asante. Ila hajasema ni mbele au nyuma.

Doris, mama, simama. Inyanyue yako mbele. Jackson, mzungushie gurudumu. Bana kushoto.

Limesimama. Mmeona wote. Mbele.

Msipige kelele bado. Jackson, sasa wewe na ya kwako, maana wewe ni wa kisasa. Nyanyua. Bana kushoto.

Linazunguka. Linaendelea kuzunguka. Jackson, mbona hucheki? Bana tena. Ya kwako, kushoto ni nyuma.

Mheshimiwa Diwani, hili hata mimi sikulitegemea. Nilikuja hapa nikiwa na shaka kwamba zote ziko kinyume. Kumbe ni mchanganyiko, kila moja imetoka nchi yake, na zote zimepakwa rangi moja. Kesho Doris angeumwa kichwa, Jackson angempa mtu mwingine baiskeli ya Doris, nani angejua? Nani angemwambia mkono wake?

Naona Ndugu Eliamini amesimama. Anasema maziwa ya kesho yashuke kwa baiskeli za zamani. Asante, mwenyekiti. Naye Hosea amenyoosha mkono, anasema kupanga waya zote zifanane ni kazi ya siku mbili. Ifanye, Hosea, na safari hii usinyamaze.

Lakini, wanangu wa mstari wa mbele, waya zikishapangwa msidhani mmemaliza. Mtu anaweza kukubadilishia gia, springi, tairi na kiti, ukapendeza barabarani. Mkono hakuna anayekubadilishia. Itabidi uufundishe mwenyewe, polepole, kwanza bila mzigo, kisha na kopo la maji, maji ukiyamwaga hakuna wa kulia. Mshuke hivyo mpaka kona ya mfereji, siku tatu. Na kila asubuhi, kabla hujapanda, unyanyue gurudumu uulize mkono. Hata kama ni baiskeli yako. Hata kama una sugu.

Kwa hiyo utepe siukati leo. Baba Paroko, baraka unaweza kutoa leo, au zingoje pamoja na utepe. Mkasi huu nampa Doris akae nao. Siku atakayoshuka na maziwa na kurudi, atakata yeye. Ninachomwomba ni kimoja tu. Akifika kona ya mfereji apige kengele mara mbili, ili niweke maji jikoni.

Mheshimiwa, Baba, wazee wangu na ndugu zangu wote, mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilivyostahili, nami nawashukuru. Aika. Asanteni sana.