Hilari Beno Ligoha, Aliyekataa Kuwabadilisha Watu Majina

Marehemu Hilari Beno Ligoha alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 kijijini Mkula, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Beno Ligoha na Mama Domitila, ambaye Mungu amemjalia uzee mrefu na leo amemjalia uchungu wa kumzika mwanawe.

Alisoma shule ya msingi hapa Mkula kuanzia 1982 hadi 1988, kisha akajiunga na seminari ndogo upande wa Mahenge, alikojifunza Kilatini na herufi za Kiyunani. Upadre hakuupata. Aliipata adabu ya maandishi: kwamba anayeliharibu jina la mtu kwa uzembe amemdhulumu mtu huyo, na cheo hakimwondolei dhambi.

Mwaka 1995 aliajiriwa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Ifakara. Tarehe 1 Julai 2000 alifunga ndoa na Agnella, binti wa Chita. Barua yake ya posa ilikuwa na kurasa nne. Mjomba wa binti aliisoma yote, akavua miwani, akasema, “Kijana anaandika vizuri mno. Ametueleza ukoo wake mpaka mababu. Ila hajasema anamtaka yupi kati ya mabinti wetu watatu.” Iliandikwa upya.

Baada ya kujifunza kompyuta, mwaka 2011 aliingia Umoja wa Skimu za Mpunga Bondeni kama mtunza kumbukumbu. Hapo ndipo alipokutana na ujinga uliovaa tai.

Mwezi Oktoba 2023 umoja ulituma mkoani, kwa barua pepe iliyotungwa na kutumwa na programu, orodha ya wakulima 612 waliostahili kugawiwa mashamba ya umwagiliaji Mchombe. Majina thelathini na manane yalirudi yamekatwa, kwamba hayasomeki. Yote yalikuwa ya Wasukuma, ya akina Ng’wandu na Ng’hwaya, na kila palipokuwa na ile alama ndogo inayoning’inia kando ya herufi, mkoani palionekana vidudu vitatu visivyo na maana. Yasiporekebishwa kabla ya Ijumaa tarehe 10 Novemba, familia hizo zingekosa mashamba.

Meneja wa umoja hatajwi hapa jina, kwa heshima ya msiba. Yeye mwenyewe heshima hiyo hakuwapa watu thelathini na wanane. Alimwita Hilari ofisini.

“Hilari bwana, hao Wasukuma majina yao ndiyo tatizo. Waambie walete ya Kikristo, tumalize.”

“Mzee Ng’wandu ana miaka sabini, meneja. Nimbatize mimi, kwa kompyuta?”

“Usinitanie. Mbona kwangu yanasomeka?”

“Kwako yanasomeka kwa sababu yameandikwa na mashine yako. Hata mlevi huielewa hotuba yake.”

Hilari alimweleza kwa subira ambayo mtu yule hakuistahili. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila namba husomwa kwa jedwali, na majedwali ni mengi. Programu iliandika kwa jedwali liitwalo UTF-8, ambalo huihifadhi ile alama kwa namba tatu. Lakini juu ya barua haikutaja jedwali lolote. Mashine ya mkoani ikakisia, ikashika jedwali jingine la zamani, na kila namba ikageuka kuwa kidudu kimoja. Jina halikuwa na kosa. Dawa ilikuwa mstari mmoja juu ya barua, wa kumtajia msomaji jedwali lililotumika.

Meneja alikataa. Programu ilitengenezwa na mtaalamu aliyemleta yeye kutoka mjini, mtu wa begi la ngozi na maneno mengi, na kuigusa kungekuwa kukiri kwamba mtaalamu hakujua kazi yake. Basi wanyang’anywe mashamba watu, mradi begi lisione haya! Katika vitabu vyote vya kale, vya waamini na vya wapagani, ni vigumu kumpata mpumbavu mwenye hoja dhaifu kuliko hiyo.

Jumatano alifika ofisini Mama Ng’washi, mjane wa Mchombe, ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wanasema mimi sisomeki. Nimelima hapa tangu mvua za El Nino, nimezaa saba. Nisipopata shamba mwaka huu, tutakula nini?”

“Unasomeka, mama. Wasiojua kusoma ni hawa.”

Alhamisi saa sita mchana, mbele ya wenzake, Hilari aliongeza ule mstari, akajitumia barua ya majaribio, akamtumia na Agnella kwenye simu. Iliposomeka pote aliituma mkoani, akaandika chini jina lake mwenyewe. Majina 612 yalipokelewa mazima. Jumatatu alipewa barua ya kufukuzwa kazi, kwa kosa la kuingilia mfumo bila idhini. Mwezi Desemba thelathini na wanane wale walipanda mpunga.

Februari 2025 figo zake zilianza kushindwa. Umoja ulimwandikia kwamba angerudishiwa kazi na bima ya matibabu, kwa sharti akiri kwa maandishi kuwa alikosea. Agnella alilia, akamwambia, “Baba Careen, tia sahihi tu, Mungu anajua.” Alijibu, “Ndiyo maana siwezi.” Aliikunja barua ile, akaiweka chini ya sufuria ya uji isichafue meza, nayo haijapata kuwa na kazi ya heshima kuliko hiyo. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa amepokea sakramenti.

Ameacha mama yake, mke wake Agnella, watoto wawili, Careen na Evod, na ndugu wanne.

Uongozi wa umoja umeomba nafasi ya kutoa salamu za rambirambi kaburini. Familia imekataa. Dakika hizo amepewa Mama Ng’washi.

Ee Mwenyezi, umlaze Hilari mahali pa amani, na mwanga wako usimzimikie.