Barua ya Chumba Namba Kumi na Saba

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya kukodi, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtakwimu wa chuo kikuu, ambaye wengine mlimwita Mwalimu, wengine Bwana Wastani, na wanafunzi wa miaka ya karibuni Tisini na Tisa, jina ambalo sababu yake mtaijua kabla sijakaa. Karatasi hizi ni saba, aliziandika mwenyewe kitandani kwa penseli, akaacha nafasi mbili tu, tarehe ya kufariki na idadi ya waliohudhuria, ya kwanza tumeijaza sisi, ya pili binti yake mkubwa yuko mlangoni anahesabu, kwa hiyo mwenye kutoka nje kupokea simu ajitambulishe akirudi, asije akahesabiwa mara mbili.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati yenye vitanda sita iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi wa reli na mkewe mshona nguo, yaani watatu mbele yake na watatu nyuma yake, katikati kabisa, jambo ambalo alilitaja maisha yake yote kana kwamba alilipanga yeye.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1962 hadi Novemba 1968, na akiwa darasa la sita alipima kwa utepe wa mama yake kimo cha kila mtu shuleni, akabandika matokeo ukutani, akachapwa viboko vinne, kwa sababu mwalimu mkuu alitokea kuwa chini ya wastani. Aliendelea na sekondari hadi mwaka 1974, akapata shahada ya hisabati tarehe 17 Novemba 1978, akafundisha sekondari miaka minne, akarudi chuoni kusomea takwimu, akamaliza mwaka 1984. Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu, chumba namba nne, ghorofa ya chini, dirisha linatazama mapipa ya takataka, meza mbili, na kabati la chuma ambalo halikufunguka wala kufungika mpaka ulipige teke upande wa kushoto.

Kwenye meza ya pili alikaa mpiga chapa, ambaye ni dada yangu. Marehemu alimpelekea dodoso moja lilelile mara kumi na moja, kila mara akiwa amehamisha koma moja, na mara ya kumi na mbili dada alimwambia kwamba kama ana neno aliseme, maana utepe wa mashine unakwisha. Alipokuja nyumbani kwetu kujitambulisha, baba alimuuliza kazi yake hasa ni nini, akajibu kwamba anatafuta kwa hesabu kwa nini wanafunzi wa shahada ya kwanza wanafeli, baba akasema hilo hata yeye analijua bila hesabu, ni uvivu, na mgeni wetu akatoa kalamu mfukoni, akaliandika jibu hilo pamoja na umri wa baba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto watatu, binti ambaye ni mfamasia, yule wa mlangoni, mvulana ambaye ni fundi umeme, na kitinda mimba ambaye yuko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, na kwa hiyo, kwa maneno ya baba yake, ni sampuli iliyolala nyumbani bure.

Sasa nafika karatasi ya nne, na hapa nawaomba utulivu.

Mwezi Oktoba 1997 marehemu aliongoza utafiti wa wanafunzi 1,212 wa shahada ya kwanza, 604 waliokaa hosteli na 608 waliopanga vyumba mitaani, ili chuo kijue kama kukaa hosteli kunamsaidia mtu kusoma. Swali kubwa liliuliza kila mmoja anajisomea saa ngapi kwa wiki nje ya darasa, na likawekwa juu ya ukurasa wa mwisho wa dodoso. Wa hosteli walijaza wakiwa wamekaa kwenye ukumbi wa chakula, wa mitaani walijaza wamesimama getini, karatasi juu ya goti, basi likifika wanakabidhi na kukimbia, hivyo wa mitaani 97 hawakufika ukurasa wa mwisho, na wa hosteli wanne. Kwa utaratibu wa ofisi, aliyeacha nafasi wazi aliingizwa kwenye kompyuta kwa namba 99, halafu kompyuta huambiwa kwamba 99 si saa, ni alama tu ya mtu ambaye hakujibu. Marehemu hakuiambia. Kompyuta nayo, kwa kuwa haina mazoea ya kumshangaa mtu, ikaamini kwamba wapo wanafunzi 101 wanaojisomea saa tisini na tisa kila wiki, ikawajumlisha na wenzao, ikatoa jibu kwamba wa mitaani wanasoma saa 25 na wa hosteli 17 na nusu.

Taarifa ilitoka tarehe 20 Februari 1998, ina jalada la bluu, imefungwa kwa uzi, ikasifiwa na wakubwa ambao walikuwa wanatafuta nafasi ya ofisi kwa muda mrefu. Tarehe 31 Julai mwaka huohuo hosteli ya pili ya wasichana ilifungwa, magodoro yakatolewa kupitia dirishani, na wanafunzi 206 wakaambiwa wakapange mitaani, kwa kuwa imethibitika kitaalamu kwamba huko wanasoma zaidi.

Kwa miaka mitatu marehemu aliutumia utafiti huo kufundishia, kwa sababu aliuona ni mzuri. Tarehe 11 Oktoba 2001, katika darasa la mazoezi, chumba chenye kompyuta kumi na mbili na nane zinazowaka, aligawa kurasa za takwimu zile ghafi, na msichana mmoja aliyekuwa anarudia somo akainua mkono, akasema, "Mwalimu, huyu anasoma saa tisini na tisa kwa wiki, na wenzake wengi tu huku chini. Hawa watu wanaoga lini?"

Darasa lilicheka, mwalimu akacheka pia, kisha akaitazama karatasi, akaacha kucheka peke yake, wengine wakiendelea. Msichana huyo leo ni mkuu wa idara, amekaa safu ya pili pale, na tunamwomba kwa heshima zote asiinue mkono.

Marehemu alirudi ofisini, akalipiga teke lile kabati, akatoa karatasi ya maelekezo ya namba, na mstari wa sita ukasomeka wazi, 99 ni hakujibu. Alimwonyesha mkewe, pengine akitaraji kufarijiwa, na dada akamjibu, "Mimi niliandika. Wewe hukusoma." Alirudia hesabu siku ileile akiwaondoa wasiojibu, wa hosteli wakawa saa 17, wa mitaani saa 11, yaani hosteli iliyofungwa ndiyo iliyokuwa inasomesha watu. Kwa siku tisa nyumbani hata chumvi aliiomba kwa kidole.

Siku ya kumi aliandika kwa uongozi wa chuo, akajibiwa kwa mistari miwili kwamba jengo lile sasa ni ofisi na limeshapakwa rangi. Mwaka 2002 alichapisha kosa lake kwenye jarida, ukurasa mmoja, jina lake juu, bila kumtaja kijana aliyeingiza namba wala mashine wala haraka, na fomu yake ya kupandishwa cheo, iliyokuwa imefika ngazi ya mwisho, ikarudi bila sahihi na haikwenda tena mpaka anastaafu. Wanafunzi walipoanza kumwita Tisini na Tisa aliliandika jina hilo mwenyewe kwa chaki mlangoni, ili mgeni asipotee. Kuanzia hapo hakuna mwanafunzi wake aliyeruhusiwa kupiga hesabu yoyote kabla ya kuchapa takwimu zote na kuzipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, zoezi aliloliita kusalimia watu, na kama wewe ulisalimia watu elfu mbili siku ya Ijumaa wenzako wakienda mpirani, nyosha shingo kidogo, tujuane.

Nakuja kwenye jambo lililomkalia kooni. Kati ya wale wasichana 206, waliomaliza shahada ni 165, na 41 waliacha masomo. Marehemu aliomba daftari la hosteli, akanakili majina 41, na kuanzia tarehe 4 Mei 2002, Jumamosi moja kila mwezi, alivaa shati jeupe, akachukua daftari lake la mistari, akawatafuta mmoja mmoja, akabisha hodi, akaeleza alichokosea, akaomba radhi, kisha akauliza swali moja tu, uliacha kwa nini. Kuna aliyemfungia mlango, kuna aliyemkaribisha chai akamwonyesha cherehani zake sita, na kuna mama mmoja muuza vitambaa aliyemsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Baba, mimi niliacha kwa sababu ya uchumba. Usijipe ukubwa." Shemeji alimshukuru, akaandika, sababu nyingine.

Kufikia mwaka 2021 alikuwa amewapata arobaini. Ishirini na watatu walisema waliacha kwa sababu ya umbali, kodi au chumba kisicho na taa, kumi na mmoja walikuwa na sababu nyingine, na sita hawakutaka kujibu. Nafasi za hao sita aliziacha wazi. Nimeliona daftari, ziko wazi.

Tarehe 8 Juni 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara alichora vipimo vyake kwenye karatasi ya miraba na kuvibandika juu ya kitanda, mpaka wagonjwa wa jirani wakaanza kumletea vyao. Daktari alipomwambia kwamba wengi wenye hali kama yake huishi miaka mitano, aliuliza wengi hao walikuwa wangapi, na daktari akaenda kuangalia. Hali ilibadilika mwezi Aprili mwaka huu, akalazwa tarehe 29, akafariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, dada akiwa kulia kwake, marehemu akiwa na umri wa miaka sitini na nane, mwezi mmoja na siku ishirini na tano. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inapenda mjue kwamba karatasi hizi nusura zisomwe pungufu. Juzi mchana kaka mkubwa wa marehemu alisema, na alisema kwa mapenzi, kwamba mtu hazikwi na kosa lake, tuzitoe karatasi ya nne mpaka ya saba, tuseme alikuwa mwalimu mpole, ambavyo ni kweli, tumalize. Mimi niliunga mkono, maana nilishaona jua linavyochoma kwenye viti hivi. Dada alikuwa anakunja nguo za marehemu, hakuinua uso, akasema, "Mara ya kwanza watu hawakufika ukurasa wa mwisho, mkaona yaliyotokea. Soma zote." Kaka mkubwa akavuta kiti chake, akanisaidia kuzipanga.

Kabla ya ukurasa wa mwisho, familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kuitwa shahidi wa vipimo, inawashukuru majirani waliotupa maji, maturubai na gari, wafanyakazi wenzake wa chumba namba nne, ambao wamekuja na teke la kabati wanalijua, na ninyi nyote, ambao binti anasema hadi sasa mko mia tatu na kumi na wawili.

Ukurasa wa saba ni mfupi, nausoma kama ulivyo. Ameandika kwamba wa arobaini na moja hakumpata, alihama mara tatu na nyayo zikaishia kwenye nyumba iliyobomolewa, na kwamba jina lake halisemwi hapa, kwa sababu aliahidi majina hayatatajwa, lakini mwenyewe atajijua, alikuwa mwaka wa pili, akisoma kemia, hosteli ya pili, chumba namba kumi na saba, kitanda cha dirishani. Ameandika pia kwamba katika kazi yake yote hakuna dodoso lililowahi kuwafikia watu wengi wa aina nyingi kama msiba, ndiyo maana ametaka jambo hili lisemwe hapa na si penginepo, na kila anayesikia akaulize huko anakorudi.

Barua aliyomwandikia iko mezani, kando ya kitabu cha rambirambi, bahasha nyeupe, haina jina, imeandikwa namba ya chumba tu. Ukiwa ni wewe, ichukue, hakuna atakayekuhutubia wala kukupiga picha, na kujibu si lazima. Asipokuja leo, dada anasema haitoki mezani kwake.

Shemeji, umesomwa mpaka mwisho. Pumzika kwa amani, sisi tunaendelea kubisha hodi.