Dagaa wa Mke Mwenzangu

Assalaam aleykum, mama zangu na dada zangu. Nilipoambiwa zamu ya kusimulia ni yangu nilitaka kukimbia, maana leo najianika mwenyewe.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nina wivu. Mume wangu alipooa mke wa pili, sote tukawa tunauza vitenge duka moja, Kariakoo. Mwenzangu huyo nimempita miaka mitatu tu, lakini anavyotembea! Amenyooka, kila asubuhi kwa miguu hadi soko la samaki la Feri, anarudi na dagaa, anawatafuna na vichwa vyao. Mimi nimekaa kitini, soda mkononi, nasema, "Mwoneni, kama paka."

Siku zangu zikakoma. Nimwambie nani? Yule ajue nimezeeka, yeye bado kigoli? Nikanunua pakiti ya pedi, kila mwezi naiweka mezani aione. Chekeni! Ndivyo wivu unavyofanya.

Siku moja mume akamwomba mwenzangu ashushe robota la vitenge kwenye rafu. Nikaruka, "Kwani mimi sina mikono?" Nikapanda stuli, fupi hii, inanifika gotini. Nikateleza, nikaangukia mkono. Kah! Kifundo cha mkono kikavunjika.

Aliyenipeleka hospitali ni nani? Yeye. Daktari ananiuliza, "Mama, hedhi ilikoma lini?" Mwenzangu yupo pembeni, kashika mkoba wangu. Nikajibu, "Bado."

Daktari akatazama picha ya eksirei, akasema anguko dogo vile si la kuvunja mfupa wenye nguvu, nimwambie ukweli anitibu. Mwenzangu akaniinamia.

"Dada, pakiti ile naiona huu mwaka wa tatu. Mwambie. Hata mimi zangu zimekoma. Unadhani dagaa nawala kwa uroho?"

Nililia, jamani, aibu ilizidi maumivu. "Miaka mitatu, dokta."

Akanieleza kwamba hedhi ikikoma, mifupa yetu hupungua nguvu upesi. Akaniandikia vidonge, akaniambia nitembee, nipate jua, nile dagaa, mtindi na mboga za majani. Wiki zote za plasta, aliyenisuka na kunifunga khanga ni yuleyule.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru na yeye, ingawa ulimi unaniwia mzito. Mama zangu, zikikoma semeni, mkapimwe mapema. Msimfiche daktari kwa ajili ya mke mwenza.

Wivu umeniisha? Thubutu! Asubuhi tukitembea bado ananitangulia. Yule pale nyuma, anacheka. Cheka tu, mwenzangu. Kesho Feri nafika mimi kwanza.